Kupanga Kiimbo Kabla ya Kusoma Tangazo Mbele ya Watu: Mwongozo kwa Anayeanza

Karibu kila mwezi huja kwangu mtu aliyekabidhiwa karatasi na kuambiwa aisome mbele ya watu: ratiba ya mazishi, matangazo ya kanisani, taarifa ya shule kwa wazazi, au wito wa mkutano wa wavuvi mwaloni, yaani pale ufukweni mitumbwi ya uvuvi inapotua. Wengi huja baada ya kusoma, wala si kabla, na maswali yao hayabadiliki. Nimesoma kila neno kama lilivyoandikwa, mbona watu wameelewa vingine? Kwa nini wameniona nimekasirika? Kwa nini mzee aliyekaa mbele alinijibu wakati sikuwa nimeuliza chochote? Swali hili la mwisho nalifahamu vizuri, kwa maana mara ya kwanza niliposoma ratiba ya mazishi nilipandisha sauti mwishoni mwa kila sentensi kwa woga, na nilipofika kwenye saa ya maziko mzee mmoja akaniuliza kwa upole, "Mjukuu wangu, unatutangazia au unatuuliza?"

Nadharia utakayohitaji ni ndogo. Kiimbo ni kupanda na kushuka kwa sauti katika usemi. Nyuzi za sauti zilizo kooni zikitikisika kwa kasi, sauti husikika juu, na zikitikisika polepole husikika chini. Kiwango hicho cha juu au chini ndicho wanaisimu wanachokiita kidatu. Katika Kisukuma na Kikerewe, ambazo wengi wetu hapa Mwanza tumezinyonya pamoja na maziwa ya mama, kidatu ni mali ya neno: silabi ikibadilishwa toni, neno huweza kuwa jingine au umbo la kitenzi likageuka. Katika Kiswahili sanifu kidatu ni mali ya sentensi. Neno "amefika" hubaki "amefika" hata ulipandishe au ulishushe, ila sentensi nzima hugeuka kutoka taarifa kuwa swali, au kutoka swali kuwa mshangao. Hiyo ndiyo kazi tutakayoifanya: kuamua sentensi iende wapi kabla mdomo haujafunguka.

Vitu vya kuandaa

- Nakala ya tangazo iliyoandikwa kwa nafasi pana kati ya mistari, ili alama zako zipate mahali pa kukaa.
- Penseli na kifutio. Usitumie kalamu ya wino, kwa sababu utabadili mawazo mara tatu au nne.
- Simu yenye uwezo wa kurekodi sauti. Simu ya kawaida inatosha.
- Mahali patulivu. Mchana upepo wa ziwani huvuma kuelekea nchi kavu na hupiga kipaza sauti cha simu kama mtu anayepuliza moto, kwa hiyo rekodi asubuhi au ndani ya chumba kilichofungwa madirisha. Mvua ikianza kupiga bati, ahirisha.
- Mtu mmoja ambaye hajaiona karatasi na hajui kilichoandikwa. Huyu ni muhimu kuliko vyote vilivyotangulia, na ndiye ambaye wanaoanza humsahau.

Kompyuta si lazima. Nitaitaja katika hatua ya nane kwa anayependa kuona sauti yake kwa macho.

Tangazo tutakalolitumia tangu mwanzo hadi mwisho ni hili. Nimelitunga mwenyewe, ila mitego iliyomo nimeikuta yote katika karatasi za kweli:

"Ndugu wanachama, mkutano wa kikundi utafanyika Jumamosi saa nne asubuhi kwenye ofisi ya mwalo. Wavuvi na wachuuzi wasio na vitambulisho waje na picha mbili. Mchango ni shilingi elfu kumi na tano. Mkutano hautaahirishwa kwa sababu ya mvua. Mwenye swali amwone katibu."

Hatua ya 1: Tafuta sentensi zenye maana mbili, kisha umuulize aliyeziandika

Soma kimya, sentensi moja moja, ukijiuliza kama inaweza kueleweka kwa namna mbili. Katika tangazo letu zipo tatu.

Ya kwanza ni ile ya vitambulisho. Je, wasio na vitambulisho ni wachuuzi peke yao, na wavuvi wote waje na picha hata kama wanavyo? Au ni wavuvi na wachuuzi kwa pamoja, mradi tu hawana? Karatasi haisemi. Ukisoma kwa namna moja, mvuvi mwenye kitambulisho atakwenda mjini kupiga picha asizozihitaji. Ukisoma kwa namna nyingine, atabaki nyumbani na kuambiwa Jumamosi kwamba alitakiwa aje nazo.

Ya pili ni ile ya mchango. "Elfu kumi na tano" ni 15,000 au ni 10,005? Utacheka, kwa kuwa hakuna kikundi kinachochangisha shilingi tano ya mwisho. Lakini msomee mweka hazina hesabu yenye "elfu mia mbili na hamsini" uone kama ataandika 250,000 au 200,050. Hesabu za Kiswahili zina mwanya huu tangu zamani, na mtu anayesoma kwa sauti ndiye anayeuziba.

Ya tatu ni ile ya mvua, ambayo nitairudia katika hatua ya pili kwa sababu ndiyo inayowaangusha wengi.

Nenda kwa katibu umuulize alikusudia nini. Usikisie. Nimeona watu wakifanya mazoezi ya sauti kwa saa nzima juu ya sentensi ambayo hawakuwa na hakika nayo, wakaishia kusoma kosa kwa ufasaha mkubwa.

Hatua ya 2: Kata sentensi vipande

Sasa chukua penseli. Weka mstari mmoja wa mshazari (/) pale sauti inapokatika kidogo huku maneno yakiendelea, na mistari miwili (//) pale wazo linapokwisha. Katibu akikwambia kwamba wasio na vitambulisho ni wachuuzi peke yao, utaandika hivi:

"Wavuvi / na wachuuzi wasio na vitambulisho / waje na picha mbili //"

Akikwambia ni wote wawili, utaandika hivi:

"Wavuvi na wachuuzi / wasio na vitambulisho / waje na picha mbili //"

Maneno ni yale yale, na herufi ni zile zile. Kilichohama ni mstari mmoja wa penseli, na pamoja nao umehama wajibu wa wavuvi wote wa mwalo mzima.

Mchango nao ukatwe vivyo hivyo. "Shilingi elfu / kumi na tano" humfikisha msikilizaji kwenye 15,000, ilhali "shilingi elfu kumi / na tano" humwacha kwenye 10,005. Ukiruhusiwa kubadili maneno, sema "shilingi kumi na tano elfu" na mtego utakwisha bila kutegemea pumzi yako. Usipobadili maneno, shika mkato wako vizuri.

Tuje kwenye mvua. Linganisha sentensi hizi mbili:

"Mtumbwi haukuondoka / kwa sababu ya mvua //"

"Mkutano hautaahirishwa kwa sababu ya mvua //"

Katika ya kwanza, mtumbwi ulibaki, na mvua ndiyo iliyouzuia. Mkato unatenganisha tukio na sababu yake. Katika ya pili, katibu anamaanisha kwamba hata mvua ikinyesha mkutano utakuwepo. Ukikata baada ya "hautaahirishwa", utakuwa umesema kwamba mkutano hautaahirishwa na kwamba sababu yake ni mvua, jambo lisilo na kichwa wala miguu. Sentensi hiyo ni lazima isomwe kwa pumzi moja, bila mkato wowote ndani yake. Wanaoanza huikata kwa sababu wameona ni ndefu, na urefu si sababu ya kukata.

Mkato hautokani na ukimya peke yake. Sikiliza mtu anayezungumza kwa kasi, mpiga debe katika stendi ya Nyegezi kwa mfano, ambaye hanyamazi hata kidogo na bado unajua wapi jina la mji limekwisha na wapi nauli imeanza. Silabi yenye mkazo, yaani inayotamkwa kwa nguvu kuliko nyingine, ya neno la mwisho katika kipande huvutwa kidogo, na kidatu hubadilika hapo. Sikio hutosheka na hayo. Kwa hiyo usilazimike kusimama kwenye kila mshazari kama gari lililokutana na matuta. Vuta silabi, geuza kidatu, endelea.

Tahadhari mbili. Usikate kati ya jina na kile kinacholimiliki au kulifafanua moja kwa moja: "ofisi / ya mwalo" ni kosa, na "mkutano / wa kikundi" ni kosa. Usikate pia kwenye mwisho wa mstari wa karatasi kwa sababu tu macho yamefika ukingoni. Hili ni kosa la kawaida kuliko yote, na tiba yake ni kulinakili tangazo upya ili kila mstari wa karatasi uwe kipande kimoja.

Mwito wa mwanzo, "Ndugu wanachama", ukatwe peke yake. Huenda hapa hakuna hatari, lakini mazoea ya kutokata mwito huleta madhara penye majina. "Baba / Neema amefika" ni mtu anayemwambia baba yake kwamba Neema amefika. "Baba Neema / amefika" ni habari kwamba aliyefika ni baba yake Neema, na Neema mwenyewe huenda yuko Geita. Msibani, ambako karibu kila mtu huitwa kwa jina la mwanawe, kosa hili huzaa maulizo ya nusu saa.

Hatua ya 3: Hakikisha mkazo wa maneno

Hatua hii ni fupi. Mkazo wa Kiswahili hukaa kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, na neno likirefushwa mkazo huhama nalo: *mwa*lo, mwa*lo*ni, *so*ma, so*me*ni. Yapo maneno machache yasiyofuata njia hiyo, na maarufu kati yake ni "barabara": ba-ra-*ba*-ra ni njia ya magari, na ba-*ra*-ba-ra ni sawasawa au ipasavyo. Katika "mtu" na "mto", herufi m ni silabi kamili na ndiyo inayobeba mkazo. Pigia mstari silabi ya neno lolote linalokutia shaka, hasa majina ya watu na ya vijiji, kisha songa mbele.

Hatua ya 4: Amua kila kipande kiishe juu au chini

Juu ya kila mshazari chora mshale mdogo wa kupanda au wa kushuka.

Taarifa iliyokamilika hushuka. Sauti huanza juu kiasi, hutelemka kidogo kidogo kadiri sentensi inavyokwenda, na silabi ya mwisho huwa ya chini kuliko zote. Msikilizaji huichukulia silabi hiyo kama muhuri: akiisikia hujua kwamba wazo limekwisha na kwamba msomaji ana hakika nalo. Kila penye mistari miwili (//) katika tangazo letu pawe na mshale wa kushuka.

Kipande ambacho hakijakamilika hakishuki hadi chini. Hubaki usawa au hupanda kidogo, kwa maana ya "subiri, ninaendelea". Orodha hufuata njia hiyo: muuzaji wa Mwaloni pale Kirumba akikutajia "sato, sangara, dagaa na furu", sauti yake itaning'inia kwenye kila samaki na itatua kwenye furu peke yake. Ukitua kwenye sangara, mteja atageuka aondoke akidhani bidhaa zimekwisha.

Maswali yanahitaji uangalifu zaidi, na ndiyo yanayoulizwa zaidi, kwa hiyo nitakaa hapa kidogo hata kama tangazo letu halina swali.

Swali la kujibiwa ndiyo au hapana linaweza kuwa na maneno yale yale ya taarifa: "Neema amelala" na "Neema amelala?" hutofautiana kwa kiimbo tu. Walimu wengi hufundisha kwamba sauti hupanda mwishoni, na mwanafunzi akaelewa kwamba inapanda kwenye silabi ya mwisho kabisa, akatoa "amelalaAA?" kama mtu aliyeona nyoka. Sikiliza watu wanavyouliza kweli. Sentensi nzima hukaa juu kuliko taarifa, haitelemki njiani, na kilele huwa kwenye silabi yenye mkazo ya neno la mwisho, yaani "la" ya kwanza katika "amelala". Baada ya kilele hicho wako wanaoiangusha silabi ya mwisho na wako wanaoiacha juu, na wote hueleweka. Pandisha silabi yenye mkazo; iliyobaki itajipanga yenyewe.

Ukitanguliza "je", swali limekwisha kujulikana kabla kitenzi hakijafika, kwa hiyo huna haja ya kupandisha sana. "Je, umelipa mchango?" ikisomwa kwa kiimbo kikali cha juu husikika kama tuhuma.

Swali lenye neno la kuuliza, kama nani, wapi, lini au ngapi, halihitaji kupanda mwishoni hata kidogo. "Meli ya Nansio inaondoka saa ngapi?" hushuka kama taarifa, na ni swali kamili la adabu. Ukiipandisha "ngapi", umebadili maana: sasa unamwambia aliyekujibu kwamba hukusikia, au kwamba umesikia na huamini. Abiria aliyeambiwa saa kumi na moja alfajiri ana haki ya kupandisha. Anayeuliza kwa mara ya kwanza hana.

La mwisho ni swali la "au". "Unataka sato au sangara?" lina maana mbili. Sauti ikipanda kwenye sato kisha ikashuka kwenye sangara, unamtaka mteja achague mmoja. Sentensi nzima ikibaki juu hadi mwisho, unamuuliza kama anataka samaki wa aina yoyote kati ya hao, na jibu lake sahihi ni ndiyo au hapana. Wauzaji hawakosei hili kamwe. Wasomaji wa karatasi hulikosea kila mara.

Hatua ya 5: Chagua neno moja katika kila sentensi

Jiulize wasikilizaji wanajua nini tayari. Wanajua kikundi kipo na mikutano hufanyika. Wasichokijua ni siku na saa. Kwa hiyo uzito wa sentensi ya kwanza ni "Jumamosi saa nne asubuhi". Katika sentensi ya nne uzito uko kwenye "mvua". Zungushia neno au fungu hilo duara, na usizungushie mawili.

Kisha usilipige nyundo. Vijana wanaosikiliza sana matangazo ya Kiingereza hudhani kwamba kukazia ni kulitamka neno kwa nguvu popote lilipo katika sentensi, nao husoma "MKUTANO wa kikundi UTAFANYIKA Jumamosi". Kiswahili kina njia zake za kukazia, na nyingi ni za maneno na mpangilio kuliko za nguvu ya sauti. Ukitaka kusema kwamba ni katibu, wala si mwenyekiti, anayeonwa, usipige kelele kwenye "katibu". Sema "anayepaswa kuonwa ni katibu" au "katibu ndiye wa kuonwa", na kiimbo kitafuata chenyewe. Kwa maoni yangu kazi nusu ya kiimbo kizuri hufanywa na mwandishi wa karatasi, ndiyo maana nakushauri uombe ruhusa ya kubadili sentensi mbili tatu kabla ya kuanza mazoezi.

Neno ulilolizungushia lipe kidatu cha juu kidogo kwenye silabi yake yenye mkazo na ulipunguzie kasi. Inatosha.

Hatua ya 6: Pasha sauti moto, kisha urekodi

Kabla ya kurekodi, sema neno "haya" kwa namna nne. Fupi na la kushuka: tumekubaliana, tuanze. La kuvutwa na kupanda: endelea, nakusikiliza. La kuvutwa na kushuka polepole: nimekubali shingo upande. La juu, kali na lililokatwa ghafla: fanya hivyo uone. Ukiweza kuyatoa yote manne na mtu wa chumba cha pili akatambua lipi ni lipi, koo lako liko tayari. Mtoto yeyote wa Mabatini anaweza. Tatizo ni kwamba tukishika karatasi tunasahau tunachokijua.

Rekodi tangazo zima ukiwa umesimama, kwa sababu siku yenyewe utakuwa umesimama. Usilisikilize papo hapo. Kanywe chai, urudi baada ya robo saa, kisha usikilize bila kutazama karatasi. Ukitazama karatasi, macho yatakusomea kiimbo ambacho mdomo haukukitoa.

Msomaji mwingine akikuvutia, jifunze mikato yake na usiige sauti yake. Sauti ya mtangazaji wa mpira inayofaa Uwanja wa CCM Kirumba haifai kusomea ratiba ya mazishi.

Hatua ya 7: Mpe msikilizaji mtihani

Msomee yule mtu asiyeiona karatasi, mara moja tu. Usimuulize kama umesoma vizuri, kwa kuwa atakujibu ndiyo kwa heshima. Muulize maswali yenye majibu: Nani waje na picha? Mchango ni kiasi gani, akiandike kwa tarakimu. Mvua ikinyesha itakuwaje? Akikosea jibu moja, kosa ni lako. Rudi kwenye sentensi hiyo peke yake, kagua mishazari na mishale, usome tena kwa mtu mwingine ikiwezekana, maana wa kwanza amekwisha kulijua jibu.

Hatua ya 8 (kwa anayependa): Tazama kiimbo chako kwenye kompyuta

Ipo programu ya bure iitwayo Praat, iliyotengenezwa na Paul Boersma na David Weenink wa Chuo Kikuu cha Amsterdam, ambayo huchora kidatu cha sauti kama mstari unaopanda na kushuka. Simu nyingi huhifadhi sauti katika mfumo wa m4a, ambao Praat haiufungui, kwa hiyo geuza faili lako liwe WAV kwanza. Anza na "Neema amelala" kama taarifa, kisha kama swali, uone mistari miwili ikiachana. Nimechagua maneno hayo kwa makusudi: sauti zake zote hutikisa nyuzi za koo, kwa hiyo mstari hautakatika. Sentensi kama "katibu hakufika" itakupa mstari wenye mapengo, kwa kuwa k, t na f hutamkwa bila mtikisiko huo, na pengo si kosa lako.

Yanapokwenda mrama

*Watu wanasema umekasirika.* Mara nyingi umeshusha sauti kwa ghafla mno mwishoni mwa kila sentensi, au umekazia maneno mengi mno. Punguza maduara ya hatua ya tano hadi moja kwa sentensi, na ushuke kama mtu anayeteremka mwamba kwa uangalifu badala ya kuruka. Amri kama "waje na picha mbili" zikizidi, muombe katibu aandike "wanaombwa waje".

*Watu wanasema unaimba.* Umeirudia tuni moja kwa kila sentensi, kwa kawaida panda, panda, shuka. Hutokea kwa waliozoea kusoma masomo ya ibada. Tiba ni kulisimulia tangazo kwa maneno yako mwenyewe, kama unamwambia jirani, ukirekodi. Kisha linganisha rekodi hiyo na ya kusoma, uchukue kiimbo cha kusimulia.

*Watu wanasema una lafudhi ya Kisukuma.* Hilo si tatizo la mwongozo huu. Lafudhi ni rangi ya matamshi, nayo haizuii kueleweka. Kagua jambo moja tu: kama unapandisha silabi katikati ya neno mahali pasipo na mkazo wa Kiswahili, msikilizaji kutoka Pwani huenda akadhani umeuliza. Rudi hatua ya tatu. Anayekucheka aambiwe yeye atamke salamu ya Kisukuma, "mwangaluka", mbele ya bibi wa Magu.

*Silabi za mwisho hazisikiki.* Umeishiwa pumzi, si kiimbo. Kushusha kidatu si kupunguza nguvu, na wengi huyachanganya mawili hayo. Vuta pumzi kwenye kila mistari miwili, hata kama unadhani unayo ya kutosha.

*Mstari wa Praat unaruka juu ghafla au kuanguka nusu.* Mashine imehesabu mtikisiko vibaya. Rekebisha mipaka ya kidatu: kwa sauti ya kawaida ya mwanamume jaribu kati ya hezi (mitikisiko kwa sekunde) 75 na 300, na kwa ya mwanamke kati ya 100 na 500. Kelele za upepo na feni nazo huleta mirukio hiyo.

*Umekosea katikati, watu wakikutazama.* Usilirudie neno lililoteleza peke yake, kwa sababu likirudiwa nje ya kipande chake husikika kama habari mpya, na wako watakaoandika mchango mara mbili. Sema "samahani" mara moja, kwa sauti ya chini, kisha urudi hadi mshazari uliotangulia na usome kipande kizima upya kwa kiimbo kile kile ulichokipanga.